Alikuja Kutafuta Nini, na Alikipata? Mwongozo wa Kupima Kuridhika kwa Wasomaji wa Maktaba

Msomaji anayetoka maktabani akiulizwa mlangoni kama ameridhika na huduma, mara nyingi atajibu kwamba ameridhika. Atajibu hivyo hata kama alizunguka rafu za fizikia nusu saa bila kukiona kitabu alichokifuata, hata kama aliketi chini ya feni isiyozunguka, hata kama ameondoka mikono mitupu. Anayemuuliza ni mkutubi yule yule atakayemkuta kesho kwenye dawati, na kwetu si adabu kumwambia mtu usoni kwamba kazi yake ina kasoro. Tena wengi hawana maktaba nyingine ya kulinganishia. Wakipata meza, taa na utulivu wanashukuru, na shukrani hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye dodoso.

Ripoti inayosema karibu wasomaji wote wameridhika inapendeza kusomwa kikaoni, lakini haimwonyeshi mkutubi hata jambo moja la kurekebisha. Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia maktaba ya mkoa au wilaya, ya chuo au ya shule, bila fungu la utafiti wala mtaalamu wa takwimu. Unakutaka upime jambo moja kabla ya mengine yote: msomaji alikuja kutafuta nini, alikipata, na kama hakukipata alikwama wapi.

Anza na orodha ya unayoweza kuyabadilisha

Kabla hujatunga swali lolote, andika mambo ambayo maktaba yako inaweza kuyabadilisha ndani ya mwaka mmoja. Labda ni saa za kufungua siku ya Jumamosi, mpangilio wa meza, utaratibu wa kuacha mikoba mlangoni, kiwango cha faini, zamu za wahudumu wakati wa adhuhuri, au vitabu gani vinunuliwe kwa fungu dogo lililopo. Kisha andika pembeni mambo ambayo uamuzi wake uko juu yako: jengo, ajira, bajeti. Kila swali utakalouliza lazima liangukie kwenye mojawapo ya orodha hizi mbili. Lile la kwanza utalifanyia kazi mwenyewe; la pili utalipeleka kwa bodi, mkurugenzi au mkuu wa shule likiwa na ushahidi. Swali lisilo na pa kwenda liache, maana unamchosha msomaji na kumpa matumaini ya bure.

Pima kwanza bila kumuuliza mtu

Hapa ndipo maktaba nyingi hurukia dodoso mapema mno. Una ushahidi mwingi mkononi tayari, na ushahidi huu hauoni haya.

Weka daftari kwenye dawati na uliite daftari la waliokosa. Kila msomaji anapouliza kitu na kuondoka bila kukipata, mhudumu anaandika mstari mmoja: kilichoulizwa, tarehe, saa, na sababu ya kukosekana. Haandiki jina la msomaji. Wiki nne za daftari hilo zitakufundisha mengi kuliko kurasa nyingi za dodoso. Utaona kama ni kitabu kilekile cha kiada kinachoulizwa kila siku, kama wanaokosa ni wa jioni, kama watu wanauliza huduma ambayo mnayo ila haijulikani. Wahudumu watalikwepa daftari hili wakidhani ni la kuwashtaki. Waeleze mapema kwamba halitatumika kumhukumu yeyote, na ushikilie neno hilo.

Kipimo cha pili kinahitaji asubuhi moja. Kusanya majina ya vitabu ambavyo wasomaji waliviulizia hivi karibuni, tuseme 60, kisha nenda mwenyewe kwenye katalogi na rafuni kama msomaji wa kawaida, bila kumwomba msaada anayejua mahali kila kitu kilipo. Tuseme umevikuta 27 mahali pake, 9 vimeazimwa, 14 katalogi inasema vipo lakini havionekani rafuni, na 10 maktaba haijawahi kuvinunua. Msomaji amekosa mara 33. Hata hivyo, makosa hayo hayana dawa moja. Vile 10 vinahitaji fedha. Vile 9 huenda vinahitaji nakala ya pili au muda mfupi zaidi wa kuazima. Lakini vile 14 vinahitaji watu wawili wakae siku kadhaa kusahihisha mpangilio wa rafu na kuandika vilivyopotea. Hakuna dodoso litakalokupa mgawanyo huo. Msomaji angeandika tu kwamba vitabu ni vichache, nawe ungeomba fedha za kununua vitabu ambavyo tayari unavyo, vimepachikwa rafu isiyo yake. Kiwango cha kimataifa cha kupima utendaji wa maktaba, ISO 11620, kilichotolewa mara ya kwanza 1998, nacho kinauhesabu upatikanaji wa kitabu kinachotakiwa kuwa kipimo cha msingi.

Kipimo cha tatu ni kuhesabu viti. Kila saa, mhudumu apite ukumbini na kuandika ni watu wangapi wameketi, wangapi wanasoma vitabu vya maktaba, wangapi madaftari yao wenyewe, wangapi magazeti, wangapi wako kwenye kompyuta. Katika miji yetu mingi utakuta kundi kubwa ni la wanafunzi na watahiniwa binafsi waliokuja na vitabu vyao, wakitafuta meza tu. Wapo wakutubi wanaowaona hawa kama wapangaji wasiolipa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kijana anayetoka nyumba yenye chumba kimoja na ndugu watano, akaja kusoma kwenu miezi mitatu kabla ya mtihani, anatumia maktaba kwa namna ya dhati kuliko wengi wenye kadi za kuazima. Huduma yake ni kiti, mwanga, choo safi na soketi ya umeme. Mpime kwa hayo, wala usimsumbue kwa maswali ya katalogi.

Pima pia muda. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyechapisha kanuni zake tano za maktaba mwaka 1931, aliuweka muda wa msomaji miongoni mwa kanuni hizo. Chukua saa, uandike dakika ambazo msomaji anangoja kutoka anapofika dawatini hadi anapopata alichoomba au jibu la mwisho. Fanya hivyo saa za watu wengi na saa za watu wachache.

Nani aulizwe

Sasa ndipo uulize watu. Kosa la kawaida ni kuwapa dodoso wale wanaokaa karibu na dawati, au wanaojulikana kwa upole wao. Siku zote hao ndio wenye maneno mazuri.

Gawa wasomaji wako katika makundi unayoyajua: wanafunzi wa sekondari, watahiniwa binafsi, wanachuo, watoto, wastaafu wa magazeti, watafiti, wanaofuata intaneti, wasomaji wenye ulemavu. Hakikisha kila kundi limeguswa. Gawa na nyakati pia: Jumatatu asubuhi si sawa na Jumamosi mchana, na mwezi kabla ya mitihani si sawa na likizo. Njia rahisi na ya haki ni kumchukua kila msomaji wa tano anayetoka mlangoni, awe nani awe nani, bila kuchagua sura.

Kuhusu idadi, wengi hutumia kanuni ya Taro Yamane: gawa jumla ya wasomaji kwa moja kujumlisha jumla hiyo ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kosa unalolivumilia. Ukivumilia kosa la asilimia 5, maktaba yenye wasomaji 400 inahitaji majibu 200. Yenye 2,000 inahitaji 334. Yenye 20,000 inahitaji 393 tu. Angalia jinsi hesabu inavyogoma kupanda. Maktaba kubwa haihitaji maelfu ya dodoso, na maktaba ndogo haiwezi kujitetea kwa majibu 30. Lakini usiifanye kanuni hii kuwa ibada. Majibu 120 yaliyochukuliwa kwa haki mlangoni yana thamani kuliko 400 yaliyogawiwa kwa marafiki wa maktaba.

Kuna kundi moja ambalo halitapita mlangoni mwako: walioacha kuja, na ambao hawajawahi kuja. Bodi ya maktaba ya Tanganyika ilipoundwa kwa sheria mwaka 1963, na ile ya Kenya mwaka 1965, zilikusudiwa wananchi wote, si wenye kadi peke yao. Ukiwauliza waliobaki tu, unapima uvumilivu wa waliobaki. Basi tafuta kwenye rejista wanachama ambao hawajaazima kwa mwaka mzima, uwaite au uwapigie simu wachache kwa ridhaa yao. Nenda shule ya jirani ukazungumze na walimu. Kaa kwenye kituo cha bodaboda au sokoni kwa saa moja uulize watu kama wanajua maktaba iko wapi na nini kinawazuia kuingia. Wakutubi wa Garissa, ambako huduma ya Kenya ilianza mwaka 1996 kubeba vitabu kwa ngamia hadi kwa wafugaji, waliondoka mlangoni zamani wakamfuata msomaji alipo. Kipimo nacho kinaweza kumfuata.

Kutunga maswali

Swali la kwanza liwe juu ya ziara ya leo, si juu ya maktaba kwa jumla. Mtu anakumbuka vizuri yaliyomtokea saa moja iliyopita, na kueleza tukio hakumtii aibu kama kutoa hukumu. Uliza hivi:

Leo ulikuja kufanya nini?
Umefanikiwa? (Ndiyo, kwa sehemu, hapana)
Kama hukufanikiwa kabisa, ulikwama wapi?
Ulimwomba mhudumu msaada? Kama hukumwomba, kwa nini?

Swali la nne ni la thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Jibu la «niliona yuko kwenye simu», au «nilidhani nitagombezwa», au «sikujua kwamba naruhusiwa kuuliza» lina habari ambayo mizani ya moja hadi tano haiwezi kuibeba.

Baada ya hapo unaweza kuingia kwenye matarajio. Mwaka 1988 Parasuraman, Zeithaml na Berry, wataalamu wa masoko wa Marekani, walichapisha kipimo chao cha ubora wa huduma, SERVQUAL, kilichojengwa juu ya wazo kwamba ubora ni pengo kati ya anachotarajia mteja na anachokiona. Kutoka hapo, Chuo Kikuu cha Texas A&M na chama cha maktaba za utafiti cha Marekani Kaskazini, ARL, walianza mwaka 2000 kutengeneza kipimo cha maktaba kiitwacho LibQUAL+. Kina vipengele 22 katika nyanja tatu: namna wahudumu wanavyomtendea msomaji, uwezo wa msomaji kujipatia taarifa mwenyewe, na maktaba kama mahali pa kukaa. Kwa kila kipengele msomaji anatoa alama tatu, kutoka 1 hadi 9: kiwango cha chini anachoweza kukivumilia, kiwango anachokitamani, na kiwango anachokipata.

Uzuri wake uko katika kulinganisha. Tuseme kuhusu utulivu ukumbini msomaji anasema kiwango chake cha chini ni 5, anatamani 8, na anapata 6. Yuko ndani ya mipaka ya uvumilivu wake. Kuhusu intaneti, kiwango chake cha chini ni 7 na anapata 6. Alama ni ileile, 6, lakini moja ni huduma inayovumilika na nyingine imeshavuka mstari. Ukiangalia alama ya 6 peke yake huoni tofauti hiyo, na utatumia fedha zako kwenye utulivu wakati watu wanaondoka kwa sababu ya intaneti.

Alama hizo tatu zinakukinga pia na hofu isiyo na sababu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa 2018, inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mwanafunzi aliyesoma humo akirudi likizo kwenye maktaba ya wilaya yake atatoa alama za chini kuliko alizotoa akiwa kidato cha sita, ingawa wilayani hakuna kilichoharibika. Matarajio yake ndiyo yaliyopanda, na mkutubi anapaswa kuliona hilo kabla ya kulaumu wahudumu.

Hata hivyo, usichukue vipengele vyote 22. Kipimo kile kilitengenezwa kwa ajili ya maktaba za vyuo vikuu, na alama tatu kwa kila kipengele humchosha hata mhadhiri. Kwa maktaba ya umma chagua vipengele vitano au sita vinavyotoka kwenye orodha yako ya mwanzo, na utumie mizani ya 1 hadi 5. Watu wakishindwa kutenganisha alama tatu, bakisha mbili: jambo hili lina umuhimu gani kwako, na tunalifanya vizuri kiasi gani. Lenye umuhimu mkubwa na alama ndogo ndilo la kushughulikiwa kwanza.

Katika uandishi wa maswali, kila swali liwe na jambo moja. «Wahudumu ni wakarimu na wanaijua kazi yao» ni maswali mawili, na mhudumu mwenye tabasamu asiyejua katalogi atakuvurugia jibu. Usimwekee msomaji maneno mdomoni kwa kuuliza «Unafurahishwa kiasi gani na maktaba yetu?» Acha maneno ya ofisini, msomaji hajui «huduma za marejeleo», anajua kuomba msaada wa kutafuta. Lijaribu dodoso kwa watu wanane au kumi, umwombe kila mmoja akueleze kwa maneno yake swali linamuuliza nini. Wakitofautiana, liandike upya. Na lisizidi ukurasa mmoja.

Watoto usiwape dodoso. Kaa nao watano watano kwenye mkeka wa chumba chao, waombe wakuonyeshe mahali wanapopapenda na mahali wasipopapenda, ukiongozana nao kwa miguu. Omba kwanza ridhaa ya mzazi au mwalimu.

Nani aulize, na siri ikae wapi

Anayehudumia asiulize. Ukiwa na wanafunzi wa ukutubi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, kazi hii inawafaa sana. La sivyo, badilishaneni na maktaba ya jirani au chuo: watu wao waulize kwenu, wenu waulize kwao. Karatasi zijazwe mbali na dawati na ziingizwe kwenye sanduku lenye kufuli. Ufunguo usikae kwa mkutubi wa zamu.

Usiombe jina, namba ya simu wala namba ya kadi, isipokuwa una sababu ya kweli na umeieleza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Dodoso la maktaba haliko nje ya sheria hizo. Hata kama zisingekuwepo, anachosoma mtu ni siri yake. Ukitumia fomu ya mtandaoni, kumbuka kwamba itajibiwa na wenye simu na bando, kwa hiyo iwe nyongeza ya karatasi tu.

Kusoma majibu

Usikimbilie wastani wa jumla. Tuseme watu 100 wamejibu: 60 wa asubuhi wametoa wastani wa 4.5, na 40 wa jioni wametoa 2.5. Wastani wa wote ni 3.7, namba inayotuliza, na hakuna hata kundi moja ambalo ni lake. Asubuhi mambo ni mazuri sana, jioni kuna tatizo kubwa. Gawa kila swali kwa kundi na kwa muda wa siku kabla ya kulijumlisha. Kazi hii inafanyika kwenye daftari la mistari kwa vijiti vya kuhesabia; kompyuta inasaidia lakini si sharti.

Majibu ya maneno yasomeni yote, wawili mkisoma pamoja, na kuyapanga mafungu mafungu kwa jambo linalotajwa. Jambo likitajwa na mtu mmoja tu usilitupe: msomaji mmoja wa kiti cha magurudumu akisema hawezi kupanda ngazi, hahitaji wenzake 50 wamuunge mkono.

Kisha weka majibu karibu na vipimo vyako vya awali. Wasomaji wakisema vitabu havipatikani na hesabu yako ya rafu inasema hivyo hivyo, una hoja isiyopingika. Vikipingana, uliza tena kabla ya kuamua.

Ndani ya mwezi mmoja bandika matokeo mlangoni, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa safu tatu: mlichosema, tulichofanya, tusichoweza na sababu yake. Safu ya tatu ndiyo inayowafanya watu waamini safu ya pili. Chagua angalau jambo moja la gharama ndogo ulikamilishe kabla ya kubandika, hata kama ni kuhamisha meza kwenye mwanga au kumweka mhudumu wa pili saa za jioni. Nakala ya majibu yanayohusu bajeti itangulie kwenda kwa wakubwa wako, ili wasiyasome kwanza ubaoni.

Rudia zoezi mwaka ujao, mwezi uleule, kwa maswali yaleyale na namna ileile ya kuwachukua watu. Ukibadilisha maneno ya swali, hutajua kama kilichobadilika ni huduma au ni swali. Ukitaka kuongeza jipya, liweke mwisho wa ukurasa. Daftari la waliokosa lenyewe lisingoje mwaka: lifungueni kila Ijumaa mchana, wahudumu wote mkiwa mmekaa, na kabla hamjainuka mkubaliane ni kipi kati ya vilivyoandikwa humo kitakuwa kimepatikana ifikapo Ijumaa ijayo.